Tuwaache Vijana Waulize Habari za Mungu

Katika shule zetu za upili hakuna somo ambalo wanafunzi hulijibu kwa wepesi kama somo la dini, wala hakuna ambalo hulitafakari kwa uchache kama hilo. Mwambie kijana wa Kabras ataje mafunzo matano tunayoyapata kutokana na maisha ya Abrahamu, naye atakutajia saba. Mwulize kama yeye mwenyewe angemfunga mwanawe kamba na kumlaza juu ya kuni, naye atakukodolea macho kama mtu aliyeulizwa swali la somo jingine. Majibu ameyahifadhi. Swali hajapata kuulizwa.

Sisemi haya kwa kuwabeza wanafunzi wala walimu wenzangu. Mtihani una kawaida yake, na mwalimu aliye na vipindi vichache na mtaala mrefu hana budi kukimbia. Nasema tu kwamba huku kwetu, kaskazini mwa Kakamega, hatuna upungufu wa dini. Mtu akisafiri kutoka mji wa Kakamega kuelekea Webuye, akaupita msitu wa Malava, hakosi kuona kanisa kila baada ya mwendo mfupi. Wapo Friends, yaani Marafiki, wapo Wakatoliki, Wapentekoste na Jeshi la Wokovu, na Waislamu nao wapo. Kijana wa huku husali asubuhi gwarideni, husali kabla ya chakula, husali kabla ya mtihani. Hata hivyo, ni nadra mtu mzima kuketi naye na kumwuliza: wewe mwenyewe unaamini nini, na imani hiyo imekufanya kuwa mtu wa namna gani?

Wahenga hawakuona haya kusema kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Imani ambayo mwenyewe hajapata kuihoji ni nguo ya kuazima. Ni ya mzazi wake, au ya mhubiri wake, naye amevikwa tu. Siku upepo utakapovuma, atabaki uchi. Hilo ndilo ninalotaka tulizungumze leo, walimu na wanafunzi.

Kwa muda sasa nimekuwa nikikaa na kundi la vijana wapatao ishirini kila Ijumaa baada ya masomo ya alasiri, wavulana kwa wasichana, wenye umri wa miaka 14 hadi 18. Hakuna alama zinazotolewa wala daftari linalosahihishwa. Nawasimulia hadithi moja, nawauliza swali moja, kisha nanyamaza. Sehemu ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote, kwa kuwa mwalimu amezoea kusema.

Hadithi ya kwanza niliyowapa ni ya majirani zetu Wabukusu. Husimuliwa kwamba mtu wa kwanza aliitwa Mwambu na mkewe Sela. Siku moja mwana wao aliyeitwa Maina alikuwa ameketi akila chakula chake. Kinyonga akamjia, akamwomba ampe kidogo. Maina akakataa. Kinyonga akaomba tena na tena, hadi Maina akapandwa na hasira akamfukuza. Hapo kinyonga akatamka laana: tangu leo wanadamu watakufa. Kisha akamwendea nyoka, naye nyoka akamkaribisha chakula. Kinyonga akambariki, na ndiyo sababu nyoka akizeeka hujivua ngozi akawa mpya, ilhali sisi tunazikwa.

Nikauliza: je, ilikuwa haki wanadamu wote wafe kwa sababu ya uchoyo wa mtu mmoja?

Mwanzoni walicheka, wakasema hiyo ni hekaya ya wazee. Lakini msichana mmoja, ambaye kwa kawaida hasemi sana, aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, mbona Adamu alikula tunda moja tukahukumiwa sote, na hakuna anayecheka kanisani?" Kicheko kikakatika. Kwa zaidi ya nusu saa walijadiliana kama hadithi hizi mbili ni sawa au la. Mmoja alisema kwamba Adamu alivunja amri aliyoijua, ilhali Maina hakuambiwa na mtu kwamba kinyonga ana uwezo wa kulaani. Mwingine akamjibu kwamba hapo ndipo palipo na fundisho: mtu hupimwa vizuri zaidi asipojua kwamba anapimwa. Angemjua kinyonga, angempa nyama yote.

Halafu mvulana mmoja akasema jambo ambalo sikuwa nimelitarajia. Alisema kwamba bwenini mwao kuna mwenzao ambaye kwao hawana uwezo, na kila wakati wa kugawana vitu vilivyoletwa kutoka nyumbani wao humgeuzia mgongo. "Sisi ndio Maina," akasema. Hakuna aliyemwuliza. Hakuna aliyemtaja kwa kidole. Alifika mwenyewe.

Kwa nini hadithi iweze kufanya hivyo, na hotuba ya mwalimu wa zamu ishindwe? Jibu limo katika Biblia ambayo vijana hawa huisoma kwa ajili ya mtihani. Mfalme Daudi alipomtwaa mke wa Uria na kusababisha kifo cha mumewe, nabii Nathani hakwenda kwake na shutuma. Alikwenda na hadithi ya tajiri mwenye mifugo mingi aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake wa pekee. Daudi akaghadhibika, akatoa hukumu. Ndipo alipoambiwa kwamba mtu yule ni yeye mwenyewe. Daudi angeshutumiwa moja kwa moja, bila shaka angejitetea. Hadithi ilimpa nafasi ya kuwa hakimu kabla hajajua kwamba ndiye mshtakiwa. Kijana naye ni vivyo hivyo. Ukimsema, hujifunga kama konokono. Ukimpa Maina amhukumu, hujikuta amesimama kizimbani kwa hiari yake.

Hata hivyo, hadithi pekee haitoshi. Hadithi huamsha dhamiri, lakini dhamiri iliyoamka yataka akili ya kuipima. Hapo ndipo falsafa inapoingia, na naomba neno hilo lisimtishe mtu. Wengi hudhani kwamba falsafa ni mali ya Wazungu wenye ndevu. Marehemu Profesa Henry Odera Oruka, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi hadi alipofariki mwaka 1995, aliona vingine. Kuanzia miaka ya 1970 alizunguka vijijini akiwahoji wazee, na mwaka 1990 akatoa kitabu chake Sage Philosophy. Katika kitabu hicho anatofautisha wazee wa aina mbili. Kuna mzee anayejua mila zote na kuzikariri barabara, na kuna mzee anayezijua lakini pia huziuliza: hii ina sababu gani, na ile je, ni ya haki? Huyu wa pili ndiye aliyemwita mwanafalsafa. Miongoni mwao alikuwemo Chaungo Barasa, kutoka kwa hao hao Wabukusu majirani zetu.

Mmoja wa wazee waliohojiwa, Paul Mbuya Akoko, alitoa hoja kuhusu Mungu ambayo vijana wangu waliipenda mno. Alisema kwamba maumbile yana utaratibu: mbwa huzaa mbwa, paka huzaa paka. Kama miungu ingekuwa mingi, ingegombana na maumbile yangevurugika. Maadamu hayajavurugika, yapo mamlaka moja tu. Kwa mzee huyo, Mungu wa Wajaluo na Mungu wa watu wengine ni mmoja.

Nikawaambia: ipimeni hoja hii kama mnavyopima uzito wa jiwe katika maabara. Mwanafunzi wa biolojia akasema kwamba punda na farasi huzaa baghala, ambaye si punda wala farasi. Mwenzake akamkumbusha kwamba baghala kwa kawaida hazai, kwa hiyo utaratibu umerudi pale pale. Msichana mwingine akapinga kutoka upande usiotazamiwa: "Kwetu kuna baba na mama, na nyumba haijavurugika. Kwa nini miungu miwili isipatane?" Naam, hilo ni swali ambalo lingemfurahisha Profesa Oruka. Niliwasomea pia maoni ya Oruka Rang'inya, aliyeona kwamba Mungu ni wazo la wema wenyewe, na ya Njeru wa Kinyenje, aliyesema kwamba yeye hasali wala haendi kwa waganga, kwani hakuona ukweli katika lolote kati ya hayo mawili. Hakuna kijana aliyezimia. Waliyachambua maneno ya Njeru kwa utulivu, na wengi wakayakataa, lakini wakayakataa kwa sababu, si kwa kelele.

Haya yote yangebaki kuwa mchezo wa akili kama hayangemrudia mtu mwenyewe. Kwa hiyo nilileta kisa cha Agostino, yule Mwafrika aliyezaliwa mwaka 354 huko Thagaste, katika nchi ambayo leo ni Algeria, akawa baadaye askofu wa Hippo. Katika kitabu chake cha Maungamo anaeleza jinsi alivyoiba mapeari usiku pamoja na wenzake alipokuwa na umri wa miaka 16. Hakuwa na njaa. Nyumbani alikuwa na mapeari mazuri kuliko yale. Mengi waliwatupia nguruwe. Miaka mingi baadaye, mtu mzima na msomi mkubwa, bado anajiuliza: niliiba kwa nini? Na anang'amua kwamba peke yake asingeiba kamwe.

Hapa Kabras hatuna mapeari, lakini tuna miwa. Kila kijana wa huku anajua jinsi matrekta yanavyopita polepole yakielekea kiwandani, na jinsi watoto wanavyoyakimbilia na kuchomoa miwa nyuma ya trela. Nilipomaliza kisa cha Agostino hapakuwa na haja ya kueleza. Mvulana mmoja akasema: "Kwetu tuna ekari mbili za miwa, mwalimu. Na bado nimekimbilia trekta." Akaulizwa na mwenzake, si nami: "Ungekimbia kama ungekuwa peke yako?" Akafikiri kwa muda mrefu, akasema la. Basi swali likawa letu sote: ni mambo gani tunayoyafanya kwa kuwa tuko wengi, ambayo mmoja mmoja tungeyaonea aibu? Wakataja kumzomea mwenzao aliyekosa. Wakataja kuvunja madirisha ya shule wakati wa mgomo. Nami nikafikiri kimoyomoyo juu ya mambo ya watu wazima ambayo hawakuyataja.

Nao wapenzi wa Kiswahili wasidhani kwamba jambo hili ni geni katika fasihi yetu. Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa mwanzoni mwa karne ya 19, ni mazungumzo ya mtu na moyo wake. Anayatazama magofu ya Pate, majumba yaliyokuwa na fahari yakawa makao ya popo na ndege, kisha anauuliza moyo wake kwa nini hauzinduki. Katika utungo huo mshairi anauhoji moyo wake kabla ya kumgeukia mtu mwingine. Na Imam Ghazali, mwalimu aliyeheshimiwa sana mjini Baghdad, aliacha kazi yake mwaka 1095 baada ya kujichunguza na kuona kwamba alikuwa akifundisha kwa kutaka sifa. Kisa hicho ni cha walimu zaidi kuliko cha wanafunzi, nami nakitaja kwa sababu hiyo.

Hata kanisa lililoenea sana katika sehemu hizi zetu lina mapokeo yayo hayo. Marafiki waliofungua misheni Kaimosi mwaka 1902, ambao baadaye kazi yao ilifika Malava, walitoka katika madhehebu yaliyozoea kukaa kimya ibadani, na kusomewa maswali ya kujichunguza badala ya kupewa amri. Mwamini husomewa swali, hunyamaza, na jibu hubaki kati yake na Mungu wake. Leo ibada zetu nyingi zimejaa nyimbo na mahubiri, wala si vibaya. Lakini kile kimya kilikuwa na kazi yake, na vijana wetu wanakihitaji kuliko sisi tunavyodhani, hasa katika siku hizi ambapo simu hailali.

Nimekwisha kusema yanayonipendeza. Sasa niwajibu wasiopendezwa. Mzazi mmoja alinijia akiwa na uso wa huzuni kuliko hasira. "Mwalimu," akasema, "mimi nilikuletea mtoto anayemcha Mungu. Sasa anarudi nyumbani akiniuliza kwa nini mama yake alikufa ilhali tulisali. Mimi nimjibu nini?" Nilimwambia: "Mzee, swali hilo sikumpa mimi. Alikuwa nalo tangu siku ya mazishi. Ila hakuwa na mahali pa kuliweka."

Simlaumu mzazi huyo kwa hofu yake. Hofu hiyo ni ya zamani. Mwaka 399 kabla ya Kristo, Sokrate alihukumiwa kufa mjini Athens kwa mashtaka mawili: kwamba haiamini miungu ya mji, na kwamba anawapotosha vijana. Kazi yake ilikuwa kuuliza maswali. Lakini namwomba mzazi asome kitabu cha Ayubu hadi mwisho. Rafiki zake Ayubu walimtetea Mungu kwa maneno mazuri, na Ayubu akamlalamikia Mungu kwa maswali makali. Mwishoni, waliokemewa ni wale rafiki waliokuwa na majibu, na aliyesifiwa kwa kusema yaliyo sawa ni Ayubu.

Tena tuangalie upande wa pili wa mizani. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa, wengi wao wakiwa watu waliokufa kwa njaa wakiamini kwamba kufunga hadi kufa ni njia ya kumfikia Yesu. Walikuwemo watoto wengi. Walikuwemo watu waliosoma. Hawakupungukiwa na imani. Walipungukiwa na mazoea ya kumwuliza mhubiri: umeyajuaje haya? Yanapatana vipi na mengine uliyotufundisha? Na mbona wewe mwenyewe unakula? Nani kati yetu anaweza kusema kwamba kijana wa Kabras, ambaye tangu utotoni amefundishwa kwamba kuuliza ni utovu wa adabu, hawezi kuchukuliwa na sauti ya namna ile? Hofu ya mzazi ni kwamba swali litamwibia mwanawe imani. Mimi nina hofu kubwa zaidi: kwamba asiyeuliza ndiye huibwa, yeye pamoja na imani yake.

Kwa walimu wenzangu wanaotaka kujaribu, nina machache ya kusema. Kwanza, usilete hadithi ambayo jibu lake umelificha mfukoni. Vijana wana pua kali. Wakinusa mahubiri watakupa mahubiri. Pili, usimlazimishe mtu kujitaja. Kikao hiki si mahakama wala si kitubio, na siri ya mtoto haichezewi. Akisema jambo linaloonyesha kwamba yumo hatarini, hilo si la mjadala; ni la kushughulikiwa faraghani na kwa haraka. Tatu, hoja ishindwe na hoja. Akiicheka imani ya mwenzake, awe Mwislamu, Mkristo au yule anayesema hajui, msimamishe papo hapo. Nne, ukiulizwa usilolijua, sema hujui. Hakuna somo la unyenyekevu lipitalo hilo. Mtaala wa Umilisi ulioanza kwa majaribio mwaka 2017 unataka tuwalee watoto katika maadili, yakiwemo heshima, uwajibikaji na uadilifu. Maneno hayo yakibandikwa ukutani hubaki ukutani. Yataingia moyoni kupitia mlango wa swali.

Nanyi wanafunzi, msidhani kwamba nimewapa ruhusa ya kubisha kila kitu. Mbishi huwauliza wengine tu. Mtu anayejichunguza huanza na nafsi yake, tena huanza pale panapouma. Ni rahisi kuuliza kama Mungu yupo. Ni vigumu zaidi kuuliza: kama yupo, na anaona nilivyomtendea yule wa kitanda cha jirani, anasemaje? Na kama hayupo, je, nilichotenda kimekuwa chema? Jiulizeni hivyo usiku taa zikizimwa, bila kalamu. Hakuna atakayewasahihishia, na jibu hamtaliona katika kitabu chochote cha marudio.

Mtu asiogope kwamba kwa kufanya hivyo tutawapoteza vijana. Wale ishirini wangu bado huenda kanisani, na mmoja wao huenda msikitini. Baadhi husali zaidi kuliko awali. Mmoja ameniambia kwamba kwa sasa hasali, bali anasubiri mpaka aweze kusali bila kujidanganya. Sikumkemea. Nilimwambia aendelee kuja Ijumaa.